Uzi maalumu wa Kenichi: mtoto asiye na kipaji na walimu sita wa Ryozanpaku

Mwanadojo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani nyuzi za Naruto na One Piece hazikauki, nami huzisoma zote. Leo naomba tukae na kazi moja isiyotajwa sana, ambayo kwangu haijapatikana ya kuipita kwa habari za wanafunzi wa sekondari na mapigano. Ni manga, yaani hadithi ya Kijapani ya michoro, iitwayo Shijo Saikyo no Deshi Kenichi, maana yake Kenichi, mwanafunzi mwenye nguvu kuliko wote katika historia. Nitataja yanayotokea mbele, kwa hiyo anayetaka kujionea mwenyewe aishie hapa.

Kwanza tuwekane sawa. Mchoraji ni Syun Matsuena. Mwaka 1999 alianza na toleo la awali kwenye jarida la Shonen Sunday Super, likatoa vitabu 5. Mwaka 2002 akaianza hadithi upya kwenye Weekly Shonen Sunday la Shogakukan na kuichora hadi 2014, vitabu 61. Anime, yaani katuni yake ya televisheni, ilitengenezwa na TMS Entertainment na kurushwa TV Tokyo kuanzia Oktoba 2006 hadi Septemba 2007, episodi 50. Baadaye, kati ya 2012 na 2014, zikaongezwa episodi 11 za OVA, zile zinazotolewa kwa kuuzwa bila kupitia TV.

Sasa hoja. Kenichi hana kipaji, na mwandishi hamgeuki katikati ya safari. Mnajua wenyewe jinsi hadithi za aina hii zinavyokwenda. Dogo anaanza mnyonge, tunamhurumia, kisha siri inafichuka kwamba damu yake si ya kawaida. Naruto anaanza yatima anayefeli mitihani, ila tumboni amefungiwa mnyama wa mikia tisa, na baadaye tunaambiwa baba yake alikuwa Hokage wa Nne, yaani kiongozi wa kijiji. Sisemi ni vibaya. Ila mtoto wa kawaida anayesoma pale anabaki mikono mitupu, kwa sababu yeye hana mnyama tumboni.

Shirahama Kenichi baba yake anakwenda ofisini asubuhi na kurudi jioni. Mama yake yuko nyumbani, mdogo wake Honoka anapenda kucheza Othello. Ndiyo ukoo wote huo. Yeye mwenyewe ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza shule ya Koryo, anapenda vitabu na maua, na kila mbabe wa shule humtuma atakavyo. Amejiunga na klabu ya karate, na huko pia anaonewa. Siku Daimonji wa klabu hiyo anapompa sharti la kupigana, atakayeshindwa aondoke klabuni, Kenichi hana hata mtu wa kumuuliza afanyeje. Kwa bahati amekutana na Furinji Miu, mwanafunzi mgeni, na Miu anamfundisha namna ya kutembeza miguu, halafu anampeleka nyumbani kwa babu yake. Nyumba hiyo ndiyo Ryozanpaku, dojo, yaani mahali pa kufundishia mapigano.

Humo wanaishi watu ambao dunia ya mapigano inawaogopa. Furinji Hayato, mzee mwenye nyumba, asiyewahi kushindwa. Koetsuji Akisame wa jujutsu, mtulivu, mchongaji, mganga wa mifupa. Ma Kensei wa kung fu, ambaye pia ni mtaalamu wa dawa za mitishamba na sindano za Kichina. Sakaki Shio wa karate, mlevi wa bia mwenye kovu usoni. Apachai Hopachai wa muay thai, ndondi za Thailand, Mthai mrefu mwenye roho ya mtoto mdogo. Na Kosaka Shigure, dada wa silaha, ambaye panya wake Tochumaru naye anajua upanga.

Naomba mtazame mazoezi yenyewe, maana ndiko utamu uliko. Kenichi anasimama kwa kuchuchumaa nusu, mapaja yamelala sambamba na ardhi, na juu yake wanampangia vyombo vya maji. Magoti yakitikisika, maji yanamwagika na hesabu inaanza upya. Asubuhi anakimbia huku kiunoni amefungwa kamba inayovuta tairi, na juu ya tairi amekaa Akisame na mjeledi, ametulia kama abiria. Zipo sanamu za mawe za Jizo, yule mlinzi wa watoto na wasafiri katika Ubuddha, ambazo Akisame amezitengeneza ili Kenichi azikumbatie na kujifunza kurusha mtu. Usiku anapigwa na Apachai hadi anazimia. Akizinduka, Ma yuko pembeni na bakuli la dawa chungu. Kesho yake tena. Mara nyingi anajaribu kutoroka, na mara zote anarudishwa.

Akisame, ambaye ndiye anayempima kwa karibu zaidi, humwambia waziwazi kwamba hana kipaji. Hamtukani. Anamweleza hali ilivyo, kisha anampangia kazi kulingana na hali hiyo. Katika vitabu vyote 61 hakuna mahali ambapo inageuka kuwa kumbe mtoto alikuwa nacho.

Na kuna jambo la Apachai ambalo kila nikilifikia husimama. Apachai hajui kupunguza nguvu. Amekulia kwenye ulingo wa chini kwa chini ambako ukipunguza unakufa. Kwa hiyo kabla hajaruhusiwa kumfundisha Kenichi, walimu wenzake wanalazimika kumfundisha yeye namna ya kupiga bila kuua. Mtu mzima, bingwa wa kutisha, anakaa chini kujifunza upya ngumi yake kwa ajili ya mtoto mmoja dhaifu. Nimesoma manga nyingi na sijaona nyingine inayompa mwalimu somo zito namna hiyo.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

Pwani_Msomaji

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu tiririka.

Kona_Mbaya

Mkuu mleta uzi, heshima yako, lakini hapa naomba nikubane. Unasema Kenichi hana kipaji. Sawa. Ila ana walimu sita wanaotajwa kuwa miongoni mwa watu wenye nguvu zaidi duniani, anaishi nao, anakula nao, wanamtibu bila kumtoza. Hiyo si zaidi ya kipaji? Mtoto wa kawaida unayemtetea atawapata wapi walimu sita? Tofauti ya mnyama wa mikia tisa na Furinji Hayato ni ipi? Vyote viwili ni bahati.

Pia tuseme ukweli, uchoraji wa anime ile umechakaa. Mapigano mengine picha zinajirudia.

Mwanadojo (mleta uzi)

@Kona_Mbaya umeuliza swali zuri na nilikuwa nalisubiri.

Ni kweli kupata walimu ni bahati, na hadithi haifichi. Ila angalia maadui zake. Karibu wote wakubwa wana walimu pia. Ragnarok, lile kundi la wahuni wa shule lenye viongozi wanane, wengi wao na majina ya kutoka hadithi za kale za Skandinavia, limejaa vijana wenye vipaji kumzidi Kenichi. Tanimoto Natsu, anayeitwa Hermit, amefundishwa na Ma Sogetsu, kaka yake Ma Kensei. Asamiya Ryuto, anayeitwa Odin, ana kipaji cha ajabu na mwalimu wake ni Ogata Isshinsai, bingwa wa ngazi ileile ya wazee wa Ryozanpaku.

Kwa hiyo bahati ya mwalimu wanayo wote. Kinachowatofautisha ni mwalimu anamtaka nini mwanafunzi wake. Ogata anataka kujua mwili wa binadamu unaweza kufika wapi. Ryuto kwake ni mahali pa kufanyia jaribio. Katika hadithi hii kuna aina mbili za nguvu za ndani: ya utulivu, inayojengwa kwa kutuliza moyo, na ya mlipuko, inayojengwa kwa kuachia hasira. Mwanafunzi huchagua njia moja. Ogata akamfundisha Ryuto kuziwasha zote kwa pamoja. Ryuto akaitumia dhidi ya Kenichi, mwili ukaharibika, na baada ya hapo tunamwona kwenye kiti cha magurudumu. Kijana mwenye kipaji kuliko wote wa umri wake! Alikuwa rafiki wa Kenichi tangu wakiwa watoto, wameahidiana kwa beji ndogo ambayo kila mmoja anaikumbuka kwa namna yake.

Sasa mlinganishe na Akisame anayeandika kila kitu, anayepima mapigo ya moyo, anayejua leo mtoto amefika kikomo na kumlaza. Kenichi anateswa, hilo sibishi, lakini hakuna siku ambayo yupo peke yake akiteseka. Kwangu tofauti ya Ryozanpaku na mnyama wa mikia tisa iko hapo. Mnyama ni kitu ulicho nacho. Walimu ni watu walioamua kukubeba.

Kuhusu picha nakubaliana nawe kwa sehemu. Episodi za katikati zina mapigano yaliyovutwa mno. Lakini chukua manga uone Matsuena anavyochora mgongo wa mtu anayerusha ngumi, jinsi nguvu inavyotoka kisiginoni hadi begani. Hiyo haijachakaa.

Viungo_na_Mishipa

Wakuu, mimi nasomea fiziotherapia, naomba niongeze nyama kwenye jambo moja ambalo wengi hudhani ni porojo.

Kuna mahali Akisame anaeleza kwamba ameibadilisha misuli ya Kenichi kuwa ya rangi ya waridi. Msingi wake ni wa kweli. Misuli yetu ina nyuzi za polepole, nyekundu kwa sababu zina mayoglobini na mishipa mingi midogo ya damu. Hizi hazichoki haraka, ndizo za mkimbiaji wa marathoni. Zipo nyuzi za haraka, nyeupe zaidi, zenye nguvu ya kishindo lakini huchoka mapema. Na kati yake ziko za haraka zinazostahimili uchovu pia. Mazoezi ya muda mrefu huweza kuzisogeza zile zinazochoka haraka zielekee kwenye zinazostahimili. Kwa hiyo wazo la kumjenga mtu awe na kishindo na pumzi kwa pamoja lina mizizi kwenye elimu halisi.

Kuibadilisha misuli ya mwili mzima kwa muda mfupi, hapo ni hadithi. Na nawasihi vijana wasijaribu ile ya kupigwa hadi kuzimia. Ubongo haufanyi mazoezi ya kupigwa, kila kipigo kinaongeza madhara.

Lakini kuna kitu mwandishi amekipata sawasawa: baada ya kazi ngumu daima kuna matibabu, chakula na usingizi. Misuli haijengwi wakati wa kunyanyua, hujengwa wakati wa kupumzika. Mazoezini kwetu watu wengi huikosa nusu hiyo ya pili.

Sensei_Mstaafu

Nakazia hapo juu. Nimefundisha karate miaka mingi na naipenda manga hii kwa sababu mapigo yake yana majina na maana.

Tazama mfululizo ambao Kenichi huutegemea sana. Anaanza na yamatsuki ya karate, ngumi mbili zinazotoka kwa pamoja, moja juu moja chini. Adui akiegemea nyuma, anamvuta kwa goti la kuruka la muay thai, kao loi. Kutoka hapo anateremsha mkono kwa mzunguko mkubwa wa kung fu, uryu banda, na akimkuta amepoteza mizani anamalizia kwa kuchiki taoshi ya jujutsu, anaukamata mguu na kumwangusha. Sanaa nne, walimu wanne, pigo moja linafungua mlango wa lingine. Mwandishi angeweza kubuni miale ya moto itoke mikononi, akachagua kufikiria mizani ya mwili.

Halafu mbinu yake kubwa, mubyoshi, ni ngumi inayotoka bila bega wala kiuno kutangulia kutoa dalili, ikikusanya kiini cha sanaa zote nne. Kila mwalimu wa ngumi anajua adui husoma bega kabla ya ngumi. Kuifuta dalili hiyo ni kazi ya maisha.

Na Akisame kuwa mganga wa mifupa si mapambo. Japani utabibu wa kuunga mifupa na viungo ulikua mkono kwa mkono na jujutsu, maana anayejua kutegua kiungo lazima ajue kukirudisha. Hadi leo kuna taaluma yenye leseni huko inayotokana na judo, na watu huenda kwenye kliniki hizo wakiteguka.

Ni ile dan (daraja la ustadi) ya 100 anayopewa Sakaki kwenye hadithi tu ambayo ni ya kwenye karatasi. Karate halisi huishia dan 10.

Kona_Mbaya

Mkuu Sensei nimekuelewa vizuri. Ile ya goti nilidhani ni mbwembwe.

@Mwanadojo, hoja ya Ogata na Ryuto imenigusa. Bado nasimamia kwamba ni bahati, ila nakubali bahati yenyewe ina sura mbili.

Binti_Tanga

Wakaka, mmeisifia vya kutosha, naomba na mimi niseme linalonikera, na nalisema kwa sababu naipenda.

Miu ndiye aliyemfungulia Kenichi mlango. Ana nguvu kumzidi kwa sehemu kubwa ya hadithi. Amefunzwa na babu yake tangu akiwa mdogo, amezunguka dunia naye, hana marafiki, na shuleni anaficha uwezo wake ili aonekane wa kawaida. Huyo ni mhusika anayeweza kubeba manga yake mwenyewe. Lakini mchoraji amemvalisha suti ya kubana, na kila pigano kamera inatafuta mwili wake badala ya ngumi yake. Shigure hivyohivyo. Ma Kensei, ambaye ana historia nzito, mtu aliyeacha familia na chama kikubwa kule China hadi bintiye Renka akamfuata Japani kumtafuta, tunalazimishwa tumcheke kwa kuchungulia wasichana na kamera. Siwezi kuiangalia na wadogo zangu, na hilo linaniuma kwa sababu mengine yote yangewafaa.

La pili ni msimamo wa Kenichi wa kutompiga mwanamke. Wengi wanausifia. Mimi nasimama na Nanjo Kisara. Dada yule ana mateke ya taekwondo ya kutisha, amepanda hadi kuwa mmoja wa wanane wa Ragnarok, na anachotaka ni mtu apigane naye kwa nguvu zote. Mtu anaposimama mbele yake na kusema sikupigi kwa sababu wewe ni msichana, kwake hiyo ni dharau.

Mwanadojo (mleta uzi)

@Binti_Tanga kuhusu mavazi na uchunguliaji sibishani nawe hata kidogo. Ni doa la kazi hii, na kadiri manga inavyoendelea linakua badala ya kupungua. Ningemwambia Matsuena hivyo ana kwa ana.

Kuhusu kutompiga mwanamke naona tofauti kidogo. Msimamo ule haumnufaishi Kenichi, unamgharimu. Anapigwa vibaya kwa ajili yake na hadithi haimpi njia ya mkato. Na Kisara hasira yake inapewa nafasi, haifanywi kichekesho. Mwandishi anaruhusu pande mbili zisikubaliane. Ningefurahi zaidi kama Miu angepewa mapigano mazito mengi kuliko aliyopewa, hapo tuko pamoja.

Binti_Tanga

Msimamo unaomgharimu yeye bado unaamuliwa na yeye, dada hajaulizwa. Tutakubaliana kutokubaliana mkuu, ila uzi ni mzuri.

Mpenda_Historia

Naomba niongeze asili ya jina la dojo. Ryozanpaku ndivyo Wajapani wanavyoyasoma maandishi ya Liangshan Po, kinamasi cha Shandong huko China ambako, katika riwaya ya kale ya Kichina kuhusu enzi ya Song, wanajificha mashujaa 108 waliokataliwa na serikali. Kwa hiyo dojo limebeba jina la kimbilio. Ukiwatazama wakazi wake unaona kwa nini: Ma amekimbia cheo, Apachai ametoka kwenye giza, Shigure amelelewa milimani na baba mhunzi wa panga.

Pia ile tofauti kubwa ya hadithi, ngumi inayookoa maisha na ngumi inayoua, haikubuniwa na Matsuena. Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa mashogun wa Tokugawa, aliandika kuhusu upanga unaoua na upanga unaohuisha mwaka 1632. Matsuena ameitoa kwenye upanga akaipeleka kwenye mkono mtupu, akawapanga Ryozanpaku upande wa kuokoa na YAMI, kundi la mabingwa wapinzani wao, upande wa kuua. Kilichonivutia ni kwamba YAMI si wabaya wa katuni. Wana walimu wa sanaa zilezile, na wengine walikuwa marafiki wa hao wa Ryozanpaku. Hongo Akira wa karate na Sakaki wana yao ya zamani. Agaard Jum Sai wa muay thai na Apachai pia. Wakipigana unaona watu waliojifunza kitu kimoja wakaachana njiani.

Kijiwe_cha_Katuni

Mmesahau Niijima! Yule mwenye masikio ya kuchongoka na ulimi wa nyoka. Hawezi kupigana hata na kivuli, lakini ndiye aliyeunda Muungano wa Shinpaku, akawakusanya Takeda, Ukita, Siegfried anayetunga muziki katikati ya mapigano na Thor wa sumo. Kenichi hakutaka kundi, akajikuta analo. Namheshimu Niijima kwa sababu anajua uwezo wake uko wapi: kupata habari, kusoma watu, kukimbia kwa wakati. Naye hana kipaji cha ngumi na amepata nafasi.

Mwanadojo (mleta uzi)

@Kijiwe_cha_Katuni umenena. Niijima alianza kwa kumuuza Kenichi kwa wababe, na baadaye anakuwa mtu ambaye bila yeye wengi wa kundi lile wasingefika mbali. Na mwandishi hamfanyi mwema ghafla. Anabaki mjanja na mwenye tamaa hadi mwisho.

@Mpenda_Historia asante sana kwa ile ya 1632, imenipa mwanga.

Mgeni_Jukwaani

Wakuu, nimesoma uzi mzima. Nilianza anime hii zamani nikaishia episodi za mwanzo kwa sababu niliona ni vichekesho vya shule tu. Je, nirudi? Na nianze anime au manga? Kiingereza cha maandishi ya chini nakisoma vizuri.

Mwanadojo (mleta uzi)

@Mgeni_Jukwaani rudi, na ukifika kwa Takeda utanielewa.

Takeda Ikki alikuwa bondia mwenye mkono wa kushoto wa ajabu. Akaumizwa akimtetea rafiki, mkono ukafa, na rafiki mwenyewe akamtupa. Tangu hapo akaacha kumwamini yeyote, akajiunga na wahuni, na anapigana kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ameuweka mfukoni. Anakutana na Kenichi juu ya paa la shule. Katikati ya pigano Takeda anateleza na kuning'inia ukingoni, na Kenichi, ambaye sekunde chache kabla alikuwa anapigwa naye, anamkamata na kukataa kumwachia. Takeda anamuuliza kwa nini. Angalia mikono yao tu pale, usiangalie kingine. Mmoja ana mkono usiofanya kazi, mwingine ana mkono uliojaa malengelenge ya mazoezi.

Baadaye Kenichi anampeleka kwa Akisame. Akisame anaupapasa mkono, anaona mishipa ya fahamu imebanwa na mifupa iliyokaa vibaya, anaurekebisha. Mkono ambao Takeda alikuwa ameshauzika unarudi. Unaona sasa kwa nini nasema ni hadithi ya walimu? Kenichi hakumshinda Takeda na kuondoka zake. Alimpeleka kwao.

Kuhusu pa kuanzia: tazama anime zote 50, zinafunika vita ya Ragnarok na kuishia kwa Ryuto. Halafu chukua manga uianze kitabu cha kwanza, usirukie katikati, kwa sababu anime imepunguza baadhi ya mambo na michoro ya mwanzo ya Matsuena ina ladha yake. OVA ziangalie ukishaingia kwenye sehemu ya YAMI, vinginevyo utakutana na watu usiowajua. Sehemu ya mwisho kabisa, ile ya 2014, inakwenda mbio kuliko nilivyopenda. Mapigano ya mabingwa niliyoyasubiri miaka yamepewa kurasa chache. Na ukiipenda kalamu yake, baadaye mwaka 2018 alianza Kimi wa 008, ya wanafunzi wapelelezi, kwenye jarida lilelile.

Mgeni_Jukwaani

Nimekupata mkuu. Naanza upya usiku huu, episodi ya kwanza. Nikifika kwenye paa nitarudi hapa.

Sensei_Mstaafu

Ukifika hapo tazama pia miguu ya Kenichi anapomvuta. Kasimama ule msimamo wa kuchuchumaa wa vyombo vya maji.